Birika la Bibi Hawa

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, ambayo uzee umeshindwa kuninyang'anya. Majina ya watu yananitoka, miwani naitafuta huku nimeivaa, lakini siku ile naikumbuka yote: harufu ya pilau, mikeka iliyotandikwa mbele ya ofisi ya kijiji, na mimi nimesimama katikati ya wageni na birika la maji mkononi, hasira imenijaa hadi kooni. Nilikuwa msichana mdogo tu. Ngoja nikueleze taratibu, maana nikianza na hasira yangu utadhani nilikuwa mtoto asiye na adabu. Adabu nilikuwa nayo, waulize walionilea, ingawa wengi wao wameshatangulia.

Kwetu ni Busi, huko Kondoa, milimani. Wewe unafungua bomba maji yanatoka, na yasipotoka unalalamika kwenye simu mpaka yarudi. Sisi maji yetu yalikuwa bondeni, chini ya mchanga wa korongo. Unafukua, unasubiri yajae, unachota kwa kata kidogo kidogo, na nyuma yako wenzako wamepanga foleni wanakuhimiza. Tuliondoka alfajiri tukarudi jua limeshakuwa kali. Kumbe juu mlimani kulikuwa na chemchemi isiyokauka, ila ilikuwa mbali na njia yake mbaya. Siku moja wakaja watu wa maji kutoka wilayani, wakasema mabomba watatupa, fundi watatupa, lakini mtaro wa kuyalaza tuuchimbe wenyewe. Kijiji kizima kilipiga vigelegele.

Mtaro ukagawanywa. Wazee wa kamati walipita na kamba wakapima, kila nyumba ikapewa kipande chake. Hiyo ilikuwa desturi yetu katika kazi zote za kijiji, na ilikuwa nzuri kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kutegea. Kipande chako kikibaki, aibu ni yako. Ubaya wake ni kwamba ukimaliza chako unaosha jembe, unakaa. Cha jirani hukigusi, maana kukigusa ni kumtangazia jirani kwamba nyumba yake haina watu.

Sasa jabali lililojificha ardhini likaangukia kwenye kipande cha Bibi Hawa.

Bibi Hawa alikuwa mjane, akiishi peke yake upande wa juu wa kijiji, binti zake wote wameolewa mbali. Alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa mdomo, na mimi nilimwogopa. Alichimba udongo wa juu kwa mikono yake mwenyewe mpaka jembe likagonga mwamba, likapinda. Nyumba nyingine zote zikamaliza. Watu wakawa wanapita pale wakienda shamba, wanasema, "Pole, bibi," wanaendelea na safari zao. Fundi akaja akatazama. Akasema bomba halipiti juu ya jabali kwa sababu litapigwa jua na litavunjwa na ng'ombe, na kulizungusha hakuna pa kupita, huku korongo, huku mlima. Halafu akasema jambo lililotutisha sote: lori la mabomba likifika likakuta mtaro haujakamilika, litakwenda kijiji kingine kilicho tayari.

Wazee wakaitisha kikao. Mwanangu, nimeona vikao vingi maishani mwangu, na vingine nimeviongoza mimi, lakini vile vilikuwa na uzito wa ajabu. Walijadili kama ni halali nyumba moja kuisaidia nyingine. Walijadili zile zisizosaidia zitasema nini. Wakaahirisha, wakarudi, wakaahirisha tena. Jabali lilikaa pale pale linawasubiri wamalize.

Mimi wakati huo sikuwa na jina zuri. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Waliochaguliwa waliondoka na masanduku yao ya bati wakisindikizwa na mama zao, na sisi tuliobaki tukaitwa waliofeli, hivyo hivyo, hata mbele ya wageni. "Huyu binti ni nani?" "Huyu Zaituni, yule aliyefeli." Nilitamani mtu aniite kwa jambo lingine lolote. Nakwambia wazi kwa sababu vijana wa siku hizi mnaona haya kusema kwamba mnataka kuonekana. Mimi nilitaka kuonekana, nilitaka sana.

Niliwahi kumwona baba yangu akichimba kisima, akakutana na mwamba. Hakupigana nao kwa sururu. Aliwasha moto mkubwa juu yake, akauacha mpaka mwamba ukaiva, akaumwagia maji ya baridi ghafla, ukapasuka. Basi nikawaendea wenzangu, wale wenye jina kama langu, nikawaeleza. Tukapatana wavulana wakate kuni na wasichana tubebe maji. Hatukuomba ruhusa. Tungeiomba, tungeitiwa kikao.

Hebu fikiria jambo lenyewe. Kijiji kina kiu, na sisi tunapanda mlima na ndoo za maji vichwani, tunakwenda kuyamwaga juu ya jiwe! Walitucheka, na wengine walitutukana. Mama alinifuata hadi mlangoni, mikono kiunoni.

"Zaituni, maji ya kupikia hayapo, wewe unayapeleka kunywesha mawe?"

"Mama, nitakwenda kuchota mengine."

"Kwa miguu ya nani?"

Nilikwenda kwa miguu yangu. Nikayaleta ya mama, nikageuka, nikarudi tena korongoni kuchota ya jabali.

Mwanzoni jabali lilitoa mvuke tu, likanyamaza. Tukawasha tena, tukamwaga tena. Baadhi ya wenzangu walianza kuchoka na kusema labda wanaotucheka wana haki. Bibi Hawa alikuwa akitupikia uji wa uwele na kututukana kwa mapenzi, "Pigeni moto, wavivu nyie, mnaliogopa jiwe?" Ndipo asubuhi moja nikamwaga ndoo yangu, nikasikia mlio chini ya miguu, na ufa ukakimbia kutoka upande huu hadi upande ule.  Kisha Bibi Hawa akatupa mwiko akaanza kucheza, peke yake, na sisi tukacheza naye mpaka moto ukazimika. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kubomoa na kubeba vipande. Nyusi zangu ziliungua, viganja vikawa malengelenge matupu. Lakini lori lilipofika, mtaro ulikuwa wazi kutoka chemchemi hadi kijijini.

Siku ya kufungua maji alikuja mgeni rasmi kutoka wilayani. Maji yalitoka, tena kwa nguvu, yakamrukia mpaka kwenye suruali, akacheka, na akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji akasimama kutoa shukrani. Akaishukuru serikali, akamshukuru fundi, akawashukuru wazee wa kamati kwa hekima yao. Akamshukuru aliyetoa mbuzi na aliyetoa sufuria za kupikia. Mimi nilikuwa nyuma kule nimenyoosha shingo, nasubiri, nikijiambia sasa tunatajwa, sasa hivi. Akamaliza, akakaa.

Niliumia, mwanangu. 

Na kabla sijameza mate, nikasikia naitwa. "Zaituni, chukua birika, uwanawishe wageni." Unaijua desturi, mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Nikachukua birika mkono huu, beseni mkono huu, taulo begani, nikaanza kupita kwenye mikeka. Unainama, unamwaga, anafuta, unakwenda kwa mwingine. Nilipofika kwa mwenyekiti, alininyooshea mikono bila kunitazama, akiendelea kumsimulia mgeni rasmi. "Lile jabali lilitutesa, mheshimiwa," alikuwa akisema, "lakini tulikaa, tukatafakari, tukalipasua."

Tukalipasua!

Niliweka beseni chini mbele yake. Nikaweka na birika, polepole, lisimwagike. Nikasema, "Unisamehe, mwenyekiti. Mikono inaniuma." Wapo watakaokwambia nilikosea. Mimi sikubali hata leo, kwa sababu mikono ilikuwa inauma kweli.

 Mama alijifunika uso kwa kanga. Mzee mmoja akaanza, "Watoto wa siku hizi," na hakumaliza, kwa maana Bibi Hawa alikuwa ameshainuka kutoka kwenye mikeka ya akina mama, anakuja. Nikajua nimekwisha.

Alipofika, aliokota birika yeye mwenyewe. Akaniambia, "Kaa."

"Bibi, nisamehe, mimi..."

"Nimesema kaa. Hapo hapo, kwenye mkeka wa wageni. Nyoosha mikono."

Nikakaa. Yule bibi akaukunja mgongo wake mkongwe akanimwagia maji mikononi, yale maji yetu mapya, na malengelenge yakawasha mpaka machozi yakanitoka. Kila mtu aliviona viganja vyangu. Ndipo akasema, bila kupaza sauti wala kuacha kumwaga:

"Mwenyekiti, kipande kile kilikuwa changu. Ninyi hamkukigusa, na siwalaumu, ndivyo tulivyozoea. Lakini kiliguswa. Mgeni wetu, jabali lile halikupasuliwa na kamati. Lilipasuliwa na huyu, Zaituni binti Ramadhani, na wenzake, watoto tunaowaita waliofeli. Maji mnayonawa ni wao waliowaleteeni. Basi leo na wao wanawishwe."

Akageuka akawaita wenzangu, kila mtu kwa jina lake na jina la baba yake. Wakaja, wamejikunyata, wakakaa kando yangu. Alitaka kuanza kuwanawisha, ila beseni lilikuwa zito kwake. Na hapa nimpe mwenyekiti haki yake, maana alikuwa mtu mzima kwelikweli. Aliinuka, akalibeba lile beseni kwa mikono yake miwili, akamfuata Bibi Hawa kutoka kwa kijana mmoja hadi mwingine, akikinga maji. Alipofika kwangu alisema, "Binti Ramadhani, nimekosa." Mgeni rasmi akaanza kupiga makofi, na vigelegele vilivyofuata nadhani walivisikia hadi Kondoa mjini. Sijapata kuitwa aliyefeli tena.

Lakini bado kuna alichoniambia Bibi Hawa pembeni, nami nimekibeba maisha yangu yote. Aliniuliza, "Umefurahi?"

"Nimefurahi sana, bibi."

"Furahi, mjukuu wangu, ni haki yako. Kula ushibe. Halafu kesho asubuhi uje kwangu, pale kwenye kipande chetu bomba limeanza kuvuja, na fundi keshokutwa anaondoka. Nani atabaki anajua kuliziba?"

Nilikwenda. Fundi alinikabidhi spana siku ile, akanionyesha kufunga na kufungua. Nikawa mtunza bomba wa kijiji. Ili nisome maandishi ya vipimo vizuri nikajiunga na masomo ya watu wazima, na ya watu wazima yakanipeleka kwenye chuo, na chuo kikanileta Dodoma. Nimelaza mabomba katika vijiji ambavyo siwezi kuvitaja vyote. Nimestaafu nikiwa fundi mkuu, mwanangu, mimi niliyefeli darasa la saba.

Kwa nini nimeyakumbuka haya sasa? Kwa sababu ya mjukuu wangu Rukia, ninayeishi naye hapa Chang'ombe, Dodoma. Mvua za mwaka uliopita zilipoingia kwenye nyumba za watu huku mtaani kwetu, yeye na wenzake waliingia kwenye mitaro iliyoziba, wakazoa takataka na tope, na hawakuacha mvua zilipokwisha. Mpaka leo kila Jumamosi utawakuta na mabeleshi na matoroli. Mtoto huyu alikuwa na aibu hata ya kumwamkia mwenye duka. Sasa anasimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa anadai gari la taka, na gari linakuja. Basi akapigiwa simu kwamba amechaguliwa kupewa tuzo ya vijana wanaojitolea, ukumbini, mbele ya wakubwa. Mimi nikapiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Yeye akaiweka simu mezani.

"Bibi, siendi."

"Unaumwa?"

"Hapana. Ni mambo ya picha tu hayo. Na wamenichagua mimi kwa sababu mimi ndiye ninayeongea kwenye video. Nikisimama peke yangu pale, Baraka na Mwajuma wataniona vipi? Bora nisiende, yaishe."

Nilimtazama, nikaona kwamba jambo limemkaa moyoni, hakuwa anajidai mnyenyekevu. Nikamkalisha, nikamsimulia hayo niliyokusimulia wewe. Nilipomaliza nikamwambia, "Usipokwenda, jina lako halitatajwa, na la Baraka halitatajwa, na la Mwajuma halitatajwa. Utakuwa umemsaidia nani? Nenda, mama. Ukifika pale mbele, mdomo ni wako."

Akaenda, na mimi nikavaa kanga yangu mpya nikaenda naye. Alipoitwa alipanda jukwaani, akapewa ngao yake ya tuzo, akapewa kipaza sauti aseme neno moja la shukrani. Mtoto akasema, "Shikamooni wazee wangu. Kazi hii sikuifanya peke yangu, naomba wenzangu wasimame." Akaanza kuwataja. Mshereheshaji akamsogelea kumkumbusha muda, Rukia akamwambia kwa upole, "Bado kidogo, kaka," akaendelea. Vijana wakawa wanainuka huku na huku ukumbini, na wengine wakinyoosha mikono kule nyuma kabisa walikosimama waliokosa viti, na kila aliyetajwa alipigiwa makofi. Baraka alilia hadharani, jitu zima lile. Na mimi nililia. Sikujificha, nilikuwa na sababu.

Jioni wote walikuja nyumbani kula. Rukia kama kawaida yake akachukua birika kwenda kuwanawisha watu, akaanza na mimi. Nikalishika.

"Lete hapa. Kaa."

"Bibi, magoti yako! Acha nifanye mimi."

"Nimesema kaa. Nyoosha mikono."

Alikuwa ameshaelewa, akanyoosha mikono. Nikamnawisha, taratibu, maji yakitiririka kwenye viganja vile vyenye sugu za beleshi. Nilitaka kuendelea kwa wengine, lakini magoti yangu kweli yaligoma, basi Rukia akainuka, akalichukua birika mkononi mwangu, akamgeukia Mwajuma. "Nyoosha mikono," akamwambia. Nami nikabaki nimeshika beseni, kama yule mwenyekiti wetu, nikikinga maji. Niliporudi kwenye kiti nikamnong'oneza, "Mle mshibe. Jumamosi msisahau, mtaro wa nyuma ya soko umeziba tena." Alicheka hadi akapaliwa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usione haya kutaka kuonekana kwa kazi njema, ni njaa ya halali. Ukiitwa mbele, nenda, simama wima, pokea kwa mikono miwili, na uwaite kwa majina wale mliochimba nao. Furahia siku hiyo mpaka iishe. Kesho yake urudi palipovuja, ujifunze kuziba, kwa maana hapo ndipo utakapokua. Na nyinyi wenzangu wenye mvi, mnaosoma haya pembeni mkijifanya hayawahusu: mkiona kijana ametoa jabali kwenye kipande kisicho chake, msingoje mgeni rasmi awaambie. Inukeni mkachukue birika.

Nami nakuombea, mwanangu. Mungu akujalie mikono isiyoogopa kazi, akupe wenzako wa kuishika nawe, na siku mikono hiyo itakapochoka, asikose kukuletea mtu wa kukwambia: kaa, leo nakunawisha mimi. Amina.